Ndugu Yangu Ajitambulisha kwa Wageni

Kama ndio kwanza unafungua ukurasa huu, keti nikueleze kwa ufupi, maana mambo yangu hayajapoa tangu tulipoachana.

Naitwa Murugi, wa Mweiga. Kazi yangu ni kuandika programu za kompyuta. Kampuni iliyoniajiri mjini Nyeri ilifunga milango, nikarudi nyumbani kumuuguza baba yangu, Mzee Kinuthia, hadi alipofariki. Siku ya mazishi, ndugu yangu Gatimu, ambaye ananifuata kuzaliwa, aliinama kuchukua udongo aurushe kaburini. Baba yetu mdogo, Wambugu, akamshika mkono mbele ya waombolezaji.

"Weka chini," akasema. "Udongo ni wa watoto wa marehemu. Wewe uliletwa tu."

Gatimu alimwangalia mama yetu, Beth. Mami akainamisha kichwa.

Basi Gatimu alifungua mkono, udongo ukamwagikia viatu vyake, akaenda zake. Nilimkimbilia hadi langoni nikakuta bodaboda imeshamchukua. Tangu siku hiyo simu yake haikupatikana tena.

Hapo ndipo tulipofika. Sikiliza sasa yaliyonipata.

Nilikuwa natafuta kazi. Rafiki yangu mmoja wa Nyeri akanitumia kiungo cha jumuiya ya mtandaoni. "Huko ndiko wanakaa watu wa zile lugha zenu za ajabu," akaniandikia.

Lugha za ajabu alizotaja ni zile za kuandika programu kwa fankisheni. Gatimu ndiye aliyenifundisha. Nilipomuuliza mara ya kwanza fankisheni ni kitu gani, alinivuta hadi kwenye mashine yetu ya kukatia ng'ombe nyasi.

"Unaingiza nyasi ya nepia huku, inatoka imekatwa huku," akasema. "Ingiza leo, ingiza kesho, ingiza Krismasi. Hutaona siku moja inatoa viazi. Hakuna kitu inabadilika nyuma ya mgongo yako."

"Na ukiingiza mkono?" nikamuuliza.

Alicheka hadi akaketi chini. Alisema hakuna mwalimu wake yeyote wa chuo kikuu aliyewahi kuuliza swali zuri hivyo.

Sasa, katika jumuiya hiyo, kabla hujaomba kazi au msaada wowote, unapitia ukurasa wa kujitambulisha. Wewe ni nani? Unatoka wapi? Nini kilikuleta kwenye fankisheni?

Nikaanza kusoma ya wenzangu ili nijue watu huandika vipi. Kulikuwa na muuguzi wa Mwanza anayejifunza Haskell, mojawapo ya lugha hizo, wodini wagonjwa wakilala. Mzee mmoja wa Norwei alisema mkewe amemchoka, anamwambia aende akaongelee fankisheni na watu wanaozielewa. Watu walikuwa wanamkaribisha, wanamtania. Hata mimi nilitabasamu, na nilikuwa sijatabasamu muda mrefu.

Kisha nikafika kwa mtu aliyejiita G wa Nanyuki.

Alikuwa ameandika kwa Kiingereza. Nakupa kwa lugha yetu:

"Naandikia wafanyabiashara wa mifugo programu. Niliingia kwenye fankisheni kwa sababu napenda kitu ambacho hakinigeuki. Kuna siku nilimweleza mtu fankisheni kwa kutumia mashine ya kukata nyasi. Akaniuliza, na ukiingiza mkono? Bado natafuta jibu zuri kama swali lile. Mnauliza natoka wapi. Nilidhani najua. Sina mama, sina baba, sina dada. Hapa nilipo ndipo ninapotoka."

Chini yake watu walikuwa wamemwandikia: Karibu G! Karibu sana! Umefika nyumbani!

Nyumbani.

Nilianza kuandika jina lake, nikafuta. Nikaandika tena, nikafuta. Kisha nikachukua laptopu vile ilivyokuwa wazi nikakimbia nayo jikoni.

Mami alikuwa mlangoni, bakuli la viazi mapajani. Sukari imemla macho hata sasa anamenya kwa kupapasa.

"Mami, nimempata Gatimu."

Kisu kikasimama.

"Wapi? Mochari?"

"Hapana, Mami! Ako hai. Ameandika kwa kompyuta."

Alitafuta mkono wangu mpaka akaupata.

"Ameandika nini? Ameniuliza?"

Je, wewe ungemjibu nini?

"Ako Nanyuki," nikasema. "Ako na kazi. Anasema anakumbuka nyumbani."

"Usiniambie anasema. Soma."

Nikasoma. Nilisoma sehemu ya mifugo, nikasoma sehemu ya mashine ya nyasi, naye akacheka kidogo. Nilipofika pale pabaya, nikasoma maneno yangu mwenyewe. Nikasema ameandika, natoka Mweiga, mama yangu anaitwa Beth, nitarudi kumwona nikipata nafasi.

Mami alinyamaza.

"Soma tena hapo mwisho."

Nikasoma tena. Safari hii nikasema, mama yangu ananingoja Mweiga, nitakuja karibuni.

"Murugi. Kinachokufa ni macho yangu. Masikio bado iko. Soma vile imeandikwa."

"Mami, tafadhali."

"Soma."

"Sina mama," nikasoma.

"Endelea."

"Sina baba."

"Endelea."

"Sina dada."

Alipapasa ndani ya bakuli, akachukua kiazi alichokuwa ameshakimenya, akaanza kukimenya upya. Sikuwa na moyo wa kumwambia.

"Ako na haki," akasema mwishowe. "Nilinyamaza."

"Ulikuwa unalia, Mami. Ungesema nini?"

"Nilikuwa najua na nikanyamaza. Gatimu ni mtoto wa Kinuthia. Hata kucha zake ni za Kinuthia. Wambugu alidanganya watu."

Ndugu msomaji, furaha iliyonipata siwezi kuieleza. Niliruka nikasimama.

"Basi tumwambie! Mami, mbona hukusema siku hiyo? Mbona uliacha mtoto aende?"

"Kwa sababu wangeniuliza," akasema polepole, "kama si huyu, ni yupi?"

Sikuelewa. Nilisimama pale na laptopu mkononi nikingoja amalizie.

Halafu nikaelewa. Nyumbani kwetu tuko watoto wawili tu.

"Mimi?"

Aliitikia kwa kichwa. Viazi vilimwagika mapajani mwake, hakuviokota.

"Nilikuwa nachuna majani chai Kangema," akasema. "Kulikuwa na mtu wa lori. Aliponiona tumbo imeanza, aliomba apangiwe njia ingine. Sikumwona tena. Kinuthia alikuwa anapima majani hapo kwa kituo. Alijua kila kitu kabla hajanioa. Tukakaa Kangema mpaka Gatimu akazaliwa, ndio tukakuja huku wote wanne. Wambugu alisikia tu uvumi, ati mmoja si wa nyumba. Akachagua kijana, kwa sababu kijana ndiye anamtisha kwa mambo ya shamba."

"Lakini mimi nina jina la mama yake Baba!"

Hapo ndipo Mami alipoanza kulia.

"Ni yeye alikupa. Nilimwambia, Kinuthia, jina ya mama yako ni ya msichana wako wa kwanza, ngoja upate wako. Akaniambia, huyu ndiye wa kwanza. Nikamwambia watu watacheka. Akasema, wacha wacheke."

Nilitoka nje. Nilienda hadi kwenye kaburi, pale karibu na ua, nikasimama. Mtu huyu nilimwosha kwa mikono yangu. Nilimnyoa ndevu aliposhindwa kushika wembe. Siku ya kumzika nilirusha udongo kwa mikono miwili, hakuna aliyenizuia.

Nilitaka kumwita Baba nikaona haya. Haya ya kumwita mtu vile nimemwita maisha yangu yote.

"Habari ya mama yangu?"

Niligeuka. Alikuwa Wambugu, amesimama langoni na kibuyu cha uji. Kwa kuwa nina jina la mama yake mzazi, tangu utotoni haniiti Murugi. Ananiita mama. Tangu mazishi hajapitisha siku bila kuniletea kitu.

"Mzuri, Anko," nikasema.

"Unalilia baba yako. Ni vizuri. Damu lazima ilie." Aliniwekea kibuyu mikononi. "Sasa, Jumamosi wazee wa ukoo watakaa hapa kwa mambo ya shamba. Hakuna maneno mengi. Utasema tu ati Gatimu alienda mwenyewe na hakuna mtu amemwita. Wewe na mama yako mtakaa hapa bila taabu. Mimi siwezi tupa mama yangu nje."

"Na kama ningekuwa si mama yako?"

Alicheka.

"Ungekuwa nani?"

Hakungoja jibu. Aliondoka akinipungia mkono, nikabaki na uji wake mikononi kama mwizi.

Mami alikuwa amesikia yote kutoka jikoni.

"Umeona?" akaniambia nilipoingia. "Nyamaza, Murugi. Wacha nitafute Gatimu mimi mwenyewe, nimwambie pole pole. Lakini hiyo maneno yako usiandike popote. Wambugu akijua atakutoa hapa kama mbwa. Ngoja nife kwanza."

"Na Gatimu naye angoje ufe?"

Mwenyewe nilijuta kuuliza.

Nilikaa na laptopu mezani. Ukurasa ulikuwa bado unaniuliza vilevile. Wewe ni nani? Unatoka wapi? Nilifikiria Jumamosi. Nilifikiria nikikaa kimya tu, nile uji, niitwe mama. Naye akae Nanyuki akiambiwa na watu wa Norwei kwamba amefika nyumbani.

Nikaandika kwa Kiswahili, nisijipe nafasi ya kutafuta maneno mazuri:

"Naitwa Murugi. Nimekuja hapa kutafuta kazi, lakini hiyo sasa itangoja. Natoka Mweiga, ama hivyo ndivyo nilivyojua hadi leo mchana. Kuna mtu hapa amesema hana mama, baba wala dada. Mama anaye, ako jikoni, amekulilia mpaka viazi hajui ni kipi amemenya. Baba anaye, ni yule tuliyemzika. Walikudanganya. Mtoto wa nje ni mimi. Nimeambiwa leo. Mimi ndiye niliyeuliza habari ya mkono. Kama bado unataka dada, niko. Kama hutaki, rudi tu kwa Mami. Mimi nitatoka."

Nikabonyeza. Nikafunika uso kwa mikono.

Majibu yakaanza kuingia. Karibu Murugi! Karibu sana! Mtu mmoja ambaye bila shaka hakusoma akaniuliza ninatumia lugha gani, akanitumia kiungo cha masomo ya wanaoanza. Yule muuguzi wa Mwanza akaandika, "Dada, nimesoma nikashindwa kuendelea na zamu." Mzee wa Norwei alisema ametafsiri kwa mashine, hana hakika ameelewa vizuri, lakini mkewe amelia.

Kutoka kwa G, hakuna.

Niliupakia ukurasa upya. Hakuna. Nikaupakia tena.

Ndipo ujumbe wa faragha ukaingia kutoka kwa mtu anayeitwa Istahil. "Mimi ndiye nakaribisha watu humu. Nipigie sasa kwa namba hii."

Nikapiga. Ilikuwa sauti ya msichana, na nyuma yake mbuzi wakilia.

"Dada Murugi? Mimi ni Istahil wa Nanyuki. Pole sana. Huyo Gatimu wako anafanya kazi hapa kwa baba yangu. Mimi ndiye nilimlazimisha ajitambulishe. Nilimwambia huwezi kuwa mzuri hivi kwa Haskell na hakuna mtu anakujua."

"Amesoma?"

"Amesoma nikiwa hapa. Alisimama, akatoka, akaenda kuketi kwa lori ya mbuzi, ile haina kitu. Baba amempelekea maji, amekataa."

"Analia?"

"Sijui, dada. Amenipa mgongo."

"Mwambie nakuja kesho asubuhi. Asiende mahali."

"Nitamwambia. Inshallah atakungoja."

Asubuhi nilimwachia Mami chai kwenye thamosi. Sikumwambia nimeandika nini. Nilimwambia naenda kumleta Gatimu.

"Kama hataki kuja," akasema, "niletee hata sauti. Mwambie aseme kitu kwa simu yako, nisikie."

Nilifika Nanyuki jua likiwa limewaka na mlima umejifunua wote. Duka lao liko karibu na soko la mifugo. Istahil alikuwa ananingoja mlangoni, msichana mrefu, mtandio wa kijani, miwani. Tulikumbatiana kama watu wanaojuana.

"Ako wapi?"

"Mmepishana," akasema. "Ametoka asubuhi mapema. Hata chai hakunywa. Amesema anaenda Mweiga kuona mama yake."

Kuona mama yake! Niliketi kwenye gunia. Nililia na kucheka. Istahil akanipa chai ya maziwa ya ngamia, nikainywa yote bila kujua ladha yake. Mami wakati huo alikuwa anamshika uso, anampapasa masikio, nilijua. Nilikuwa nimefanya jambo moja sawasawa.

"Mshukuru Mungu," Istahil akasema, lakini hakuwa ananiangalia.

"Alisema nini juu yangu?"

"Chai imetosha? Nikuongeze?"

"Istahil. Alisema nini?"

Alivua miwani akaipangusa kwa mtandio.

"Wallahi, dada, sitaki kukudanganya na sitaki kukuumiza. Nilimuuliza, na dada yako, hutamngoja? Akasema, nilifukuzwa kwa sababu yake na yeye alisimama hapo ananiangalia."

"Nilimkimbilia! Nilimkimbilia mpaka langoni!"

"Sikujua. Alisema kila mtu kwa hiyo nyumba alijua isipokuwa yeye."

"Lakini niliandika nimeambiwa jana. Si uliona?"

"Nilimwonyesha hapo. Nilimwekea kidole. Akaniambia, Istahil, mtu anaweza kuandika chochote kwa huo ukurasa. Akasema hata yeye aliandika."

Kwa hiyo maneno yaliyomrudisha kwa mama ndiyo yaliyonitoa mimi.

Nilitoa simu nikampigia Mami. Ikalia hadi ikakatika. Nikapiga tena. Ikalia.

"Halo."

Haikuwa sauti ya Mami.

"Gatimu?"

Niliibana simu sikioni.

"Gatimu, ni mimi."

"Najua ni wewe. Jina imetokea."

Sauti yake ilikuwa imekauka. Lakini alikuwa yeye, na nilikuwa sijaisikia tangu kaburini.

"Umefika? Mami amekuona?"

"Niko naye. Amenishika mkono, hataki kuachilia. Nimepokea simu na huu mwingine."

"Asante Mungu. Asante Mungu. Gatimu, mimi sikujua. Nakuapia kwa Baba sikujua."

"Baba yupi?" akasema.

Nadhani alijuta papo hapo. Lakini neno lilikuwa limeshatoka. Istahil aliniona uso, akanishika bega.

"Nakuja sasa hivi," nikasema. "Nitakuja nikueleze ana kwa ana."

"Ngoja kwanza. Kuna watu hapa."

Ndipo nikazisikia. Sauti za wanaume, viti vikiburutwa, mtu akikohoa.

"Watu gani?"

"Wazee. Anko amewaita."

"Si walisema Jumamosi?"

"Nilipofika alinikuta hapa langoni akaniuliza ni nani ameniita. Nikamwambia dada... nikamwambia ni Murugi ameniita. Akasema uongo. Nikatoa simu nikamsomea vile umeandika." Akashusha sauti. "Nilikuwa na hasira, Murugi. Nilisoma yote. Nilisoma kwa nguvu, majirani wakasikia."

"Na Mami?"

"Hakuwa anajua umeandika. Amelia tangu wakati huo."

Nyuma yake nilisikia sauti ya Wambugu. Nimeisikia sauti hiyo tangu nikiwa mtoto na sijawahi kuisikia ikiniita vingine ila mama. Sasa ilikuwa inasema "huyo msichana". Ilisema huyo msichana amekula vyetu miaka hii yote. Ilisema huyo msichana asionekane hapa Jumamosi wala siku ingine.

Kisha sauti ya Mami, nyembamba, ikipanda juu ya zote. "Kinuthia alimpa jina! Kinuthia mwenyewe alimpa jina!"

"Nyamaza, wewe mama," mzee mmoja akasema. "Wewe umesema uongo ya kutosha. Tunataka kusikia kijana. Yeye ndiye mwenye nyumba sasa."

Mwenye nyumba. Ndugu yangu aliyekatazwa konzi ya udongo.

"Gatimu," nikasema.

"Wananiita," akajibu.

"Gatimu, unisikilize kidogo tu."

Hakukata simu. Sijui alisahau au alitaka nisikie. Nadhani aliishusha tu pajani, kwa maana sauti zilienda mbali kidogo. Istahil alikuwa amesogeza sikio karibu na langu, tumeishika simu wawili, mbuzi wakilia huko nje na baba yake akiwanyamazisha wanunuzi.

Wambugu akasema, waziwazi, kama mtu anayesoma matangazo kanisani:

"Kijana, wazee wote wako hapa na mama yako ako hapa. Hatutaki hadithi. Huyo Murugi anakuja hapa kama nani? Ni dada yako, ama si dada yako?"



Kidole changu kilikuwa tayari kwenye kile kitufe chekundu. Nilitaka kukata kabla hajajibu, niende popote, nikaishi bila kujua.

Sikukata. Nikasikia kiti kikisogea, kisha ndugu yangu akavuta pumzi aanze kusema.